Wanawake Waliokaa Chini

Mpo?

— Tupo!

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo, yako wazi!

Nikitia chumvi?

— Tutakunywa maji!

Basi leo sitii. Habari hii imekolea yenyewe. Sogeeni, waachieni nafasi wenye watoto mgongoni.

Alikuwako mama. Naye alikuwa na mama. Na mama huyo naye alikuwa na mama. Ukirudi nyuma namna hiyo utafika mahali ambapo majina yamesahaulika, na huko ndiko jambo hili lilikoanzia. Sisi tuanzie karibu.

Katika bonde la Kwesine, chini ya milima, waliishi wafinyanzi. Wanawake wa huko walifinyanga vyungu, na walikuwa na desturi yao ya kulea. Mtoto akikosa, hakupigwa. Hakupigiwa kelele. Hakunyimwa chakula. Mama alitua alichobeba, akakaa chini, hapo hapo walipo, mpaka macho yake yakawa sawa na macho ya mtoto. Kisha mama ndiye aliyeanza. Alisema kosa lake mwenyewe.

"Leo nimemsengenya jirani."

Au, "Leo nimechukua kuni za mwenzangu, nikasema nimeziokota."

Akishasema, alinyamaza akangoja. Mtoto akiwa kimya, na mama kimya. Jua likiwafikia, walihamia kivulini, wakakaa tena. Mpaka mtoto aseme kosa lake kwa mdomo wake. Hapo walisimama, wakakung'uta nguo, wakaenda pamoja kutengeneza kilichoharibika.

Ni hivyo tu. Hapakuwa na dawa wala tambiko.

Mnacheka? Na wenzao walicheka. Ilitokea siku moja mtoto akaiba muwa gulioni, mama yake akakaa naye katikati ya njia tangu asubuhi mpaka gulio likavunjika. Wauza viazi wakawa wanawaruka na vikapu vyao. Watu wa vijiji vya juu walipokutana na mtu wa Kwesine walimwambia, "Geuka tukuone vumbi." Watoto wao wakatunga wimbo:

*Kwesine, Kwesine, vumbi nyuma,*
*mtoto kakosa, mama kachutama!*

Huko Kwesine alikuwako mjane, jina lake Nakiete. Alikuwa na mtoto mmoja, binti, jina lake Nasemba. Akamlea kwa kukaa chini, kama alivyolelewa yeye, kama alivyolelewa mama yake. Nasemba akakua. Akafika umri wa kwenda gulioni peke yake na vyungu kichwani. Akasikia ule wimbo. Mara ya kwanza aliwatupia mawe. Mara ya pili alilia. Mara ya tatu aliucheka pamoja nao, na hapo ndipo alipopotea, ingawa alirudi nyumbani na vyungu vyote vimeuzwa.

Akamwambia mama yake, "Mama, nataka kwenda kukaa kwa baba mkubwa, huko milimani."

"Nenda, mwanangu. Utarudi lini?"

"Nitarudi."

Hakurudi.

Huko milimani alionwa na kijana wa kijiji cha Tambwe, jina lake Mrutu. Wazee wa Mrutu wakaja kwa baba mkubwa kuposa. Wakauliza, "Binti ana mama?"

Baba mkubwa akamtazama Nasemba. Nasemba akasema, "Mama yangu alikufa nikiwa mdogo."

Baba mkubwa akakohoa. Hakumpenda Nakiete tangu zamani. Akasema, "Ndivyo."

Niwaulize nyie. Mtu akimuua mama yake kwa mdomo, nani humzika?

— Hatujui!

Hata yeye hakujua. Akaolewa.

Tambwe ilikuwa na desturi yake pia, tusiwaseme wa bondeni peke yao. Mwanamke akijifungua mtoto wa kwanza, mama mkwe wake humletea fimbo. Si kwa ubaya. Ni heshima. Fimbo huning'inizwa juu ya mlango, na kila anayeingia anajua kwamba nyumba hii ina mama. Nasemba akajifungua binti, wakamwita Mbonea. Mama mkwe wake, Mama Mrutu, akaja na fimbo iliyopakwa samli.

"Hii nilipewa na mama mkwe wangu," akasema. "Naye alipewa na wake. Imenilelea Mrutu, na wewe mwenyewe unamwona alivyo. Kamata."

Nasemba akaikamata kwa mikono miwili, akapiga goti. "Asante, Mama."

Siku kumi zikapita. Mzazi akiwa bado ndani anakunywa uji, mtu akapiga hodi kwenye ua. Mama Mrutu akachungulia. "Kuna kikongwe na mzigo. Unamjua?"

Nasemba akachungulia. Alikuwa mama yake. Amepanda mlima siku nzima, na chungu kipya cha uji wa mzazi kichwani. Nani alimpa habari, sijui. Habari za mtoto hazina mlango.

Nasemba akasema, "Ni muuza vyungu."

Alisema kwa sauti ya kawaida. Nakiete alikuwa hatua tano kutoka mlangoni, na masikio yake yalikuwa mazima.

Akatua mzigo. Akakaa chini. Akangoja.

"Maskini, amechoka," akasema Mama Mrutu, maana alikuwa mtu wa huruma. "Mpe kibaba cha mahindi, aache hicho chungu."

Nasemba akatoka na mahindi. Akainama, akanong'ona, "Mama, nenda. Nakuomba. Nitakuja mwenyewe nikueleze."

Nakiete alifungua mdomo kama mwenye neno, akaufunga. Akainuka. Alikiacha chungu, akayaacha na mahindi juu ya jiwe la langoni, akashuka.

Nasemba akaenda kumweleza?

— Hakwenda!

Hakwenda.

Mbonea akafikisha miaka mitatu. Siku hiyo wanawake wa Tambwe walikuwa kwa Nasemba wanasuka mikeka. Mtoto akapita na kibuyu cha maziwa ya bibi yake, akajikwaa, maziwa yote yakamwagika juu ya mkeka mpya. Wanawake wakamtazama Nasemba.

Magoti ya Nasemba yakaanza kukunjika yenyewe. Alilelewa hivyo, mwili ulikuwa umeshajifunza. Alikuwa karibu kufika chini alipomsikia wifi yake, dada wa Mrutu, akicheka. "Wifi, unaenda wapi huko chini? Isije ikawa tumeoa Kwesine bila kujua!"

Wakacheka wote. Nasemba akanyoosha magoti. Akaenda mlangoni, akaitungua fimbo, akampiga Mbonea mbele yao. Akampiga zaidi kuliko maziwa yalivyostahili, maana hakuwa akimpigia maziwa.

"Ehee," wakasema wanawake. "Sasa wewe ni wetu."

Kesho yake Mbonea alivunja sahani, akaizika nyuma ya nyumba. Alipoulizwa, alisema ni paka. Hawakuwa na paka.

Mwaka wa nne Nasemba akajifungua tena, mtoto wa kiume, Mweta. Na siku ya kumi hodi ikapigwa. Nakiete amekuja, na chungu kipya.

"Yule muuza vyungu wako," akasema Mama Mrutu.

"Ndiye," akasema Nasemba.

Nakiete akatua mzigo. Akakaa chini. Akangoja.

Safari hii Mbonea alikuwa anatembea na kuuliza maswali. "Mama, kwa nini yule bibi amekaa chini?"

"Amechoka."

"Nimpelekee kigoda?"

"Usimkaribie."

"Kwa nini?"

Nasemba akatafuta la kusema, akapata lililokuwa karibu. "Wauza vyungu huiba watoto. Huwatia ndani ya chungu, hawaonekani tena."

Mtoto akakimbilia ndani. Nakiete alifungua mdomo, akaufunga. Akainuka, akashuka mlima. Aliacha chungu langoni kama mara ya kwanza.

Mnaona inavyokwenda. Mwanamke hakuwa na roho mbaya. Aliwalisha watoto wake, aliwaogesha, aliamka nao wakiugua. Lakini kila akimwona mtu anatoka bondeni, aliingia ndani. Mume akimwuliza habari za marehemu mama yake, alisema hakumbuki. Jirani akiimba ule wimbo wa Kwesine, alipiga makofi.

Mwaka wa sita, msimu wa vuli, maharage yalikuwa yameanikwa uani kwa Nasemba, na mvua ilikuwa inanukia. Wanawake wakaja kumsaidia kupura kabla haijanyesha. Ua ulijaa. Nasemba akamwita Mbonea.

"Mshike mdogo wako. Asiende mbali. Akipotea utaniona."

"Ndiyo, mama."

Mbonea akambeba Mweta, aliyekuwa na miaka miwili, mzito kama gunia. Wakashuka migombani. Huko watoto wenzake walikuwa wakiteleza mteremkoni juu ya magamba ya migomba. Mmekwisha kuteleza kwa gamba la mgomba?

— Tumeteleza!

Basi mnajua mtoto hawezi kusimama akitazama. Lakini Mweta alikuwa haachi kukimbia. Mbonea akamshusha, Mweta akakimbia. Akamrudisha, akakimbia. Mara ya tatu Mbonea akaona shimo la kuivishia ndizi, tupu, kina chake kifua cha mtu mzima. Akamteremsha humo na ndizi mkononi. Akalifunika kwa majani ya mgomba, jua lisimchome. "Kaa, nakuja." Akaenda kuteleza.

Aliteleza mara moja. Aliteleza mara ya pili. Mara ya tatu gamba likampeleka mpaka kwenye mfereji. Alipopanda kurudi, watoto wenzake walikuwa wamekimbia, maana mama zao waliwaita. Na Mbonea alisikia sauti ya mama yake kutoka uani:

"Mbonea! Mweta yuko wapi?"

Sasa angekwenda shimoni akamtoa, hadithi ingeishia hapo, tungekwenda kula. Lakini wifi ya Nasemba alikuwa amekwisha kushuka kumtafuta. Akamkamata mkono, akampandisha uani, nguo zina matope, na mtoto hayupo.

Mama Mrutu akatungua fimbo. "Mdogo wako yuko wapi?"

Mbonea akaitazama fimbo. Kumtia mtoto shimoni ni kosa. Kwenda kuteleza ni kosa. Kuchafua nguo ni kosa. Akahesabu. Akasema, "Amekwenda mtoni na wanaofua."

Wanawake wanne wakakimbia mtoni. Hakuna anayefua. Wakarudi.

Wifi akaichukua fimbo. Akaipiga chini mara moja, vumbi likaruka. "Mweta yuko wapi?"

"Amechukuliwa na baba, wamekwenda kwa fundi."

Mtu akatumwa kwa fundi. Akamkuta Mrutu peke yake, ananoa jembe. Wakarudi wote wawili wakikimbia, na wanaume wa kijiji wakawafuata. Juu ya mlima wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye paa za nyumba za juu. Ngurumo ya kwanza ikapiga.

Nasemba akaichukua fimbo. "Mbonea, nitakuua leo. Mwanangu yuko wapi?"

Mtoto akatazama huku, akatazama huku. Na langoni, wakati huo huo, akatokea kikongwe mwenye mzigo kichwani.

"Amechukuliwa na yule," akasema Mbonea. "Muuza vyungu. Amemtia ndani ya chungu."

Hayo maneno aliyapata wapi?

— Kwa mama yake!

Msijibu kwa nguvu hivyo. Hata yeye Nasemba alijua.

Watu hawakungoja. Wanaume waliokuja na Mrutu wakamkamata Nakiete mikono yote miwili. Mzigo ukaanguka, vyungu vikavunjika, ndani hamna mtoto. "Umemficha wapi?" "Kuna mwenzio?" "Nani amekutuma?" Mmoja akamvuta kitambaa cha kichwa. Mwingine akaokota jiwe. Wifi akapiga kelele, "Mara ngapi tumemwona hapa langoni! Mara ngapi! Anakaa hapa anatazama watoto! Mimi nilisema!"

Hakuwahi kusema, lakini siku kama hiyo kila mtu alikwisha kusema.

"Apigwe mpaka aseme," wakasema wanaume.

Nakiete akakaa chini. Hakuanguka. Alikaa, mikono yake ikiwa bado imeshikwa, hata waliomshika ikabidi wainame. Akamtazama Nasemba. Akafungua mdomo. Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Akangoja.

Tone la kwanza la mvua likaanguka.

Mama Mrutu akamsogelea mkwewe. "Mke mwanangu, wewe ndiye unayemjua. Miaka sita unanunua kwake. Ni mtu wa namna gani? Sema upesi."

Nasemba angeweza kusema, "Ni mtu mwema, mwacheni." Hilo lingetosha kumwokoa mama yake na mawe. Alilifikiri. Lakini alimtazama binti yake, akaona jinsi Mbonea anavyoitazama fimbo, haondoi jicho. Akajua kwamba mtoto huyu anapajua alipo Mweta, na kwamba hatasema mbele ya fimbo hata usiku uingie, hata mvua izibe njia. Na akajua dawa yake. Aliijua tangu alipokuwa na urefu huo.

Akatupa fimbo. Akakaa chini.

Alikaa kwenye maganda ya maharage na vigae vya vyungu, mbele ya wanawake wote wa Tambwe, katika kanga aliyonunuliwa na mumewe kwa sikukuu. Mtu mmoja nyuma akacheka, kwa mazoea tu. Hakuna aliyecheka naye.

"Mbonea," akasema. "Njoo hapa. Naanza mimi."

Mtoto hakuelewa. Hakuwahi kuyaona macho ya mama yake kwa karibu hivyo bila kipigo kufuata.

"Mimi ndiye niliyekuambia wauza vyungu huiba watoto. Ni uongo. Nilisema ili usimkaribie yule bibi. Na huyu si muuza vyungu wangu. Niliwaambia watu wa hapa kwamba mama yangu alikufa. Hakufa. Amekuja hapa mara tatu na miguu yake. Mara mbili nimemfukuza langoni. Ndiye huyu."

Wanaume wakamwachia Nakiete mikono kama waliokamata moto.

"Niliona aibu kwa sababu ni wa Kwesine," akasema Nasemba. "Nami ni wa Kwesine. Nilikupiga ule mwaka wa maziwa ili watu wa hapa wanione. Hilo ndilo kosa langu. Nimemaliza."

Akanyamaza.

Kimya kilichofuata kilikuwa kifupi, lakini waliokuwepo walisema baadaye kwamba walikihesabu. Mvua ilikuwa inaanza kupiga majani. Mrutu alitaka kusema jambo, mama yake akamzuia kwa kiganja. Nasemba hakumwambia mtoto "sema." Hakumwambia "haraka." Kila tone lilipoanguka alilisikia mwilini, lakini alikaa.

Mbonea akachuchumaa mbele yake.

"Nilikwenda kuteleza," akasema.

Nasemba akaitikia kwa kichwa.

"Nguo nilichafua kwenye mfereji."

Akaitikia.

"Mweta yuko kwenye shimo la ndizi. Nilimfunika."

Mrutu alikuwa ameshaondoka kabla neno halijaisha. Wakamfuata wote, wanawake kwa wanaume, wakiteleza, wakianguka. Maji ya mteremko yalikuwa yameanza kuingia shimoni kama kwenye birika. Walipoyaondoa majani walimkuta Mweta amesimama, ameegemea ukuta wa udongo, maji yamemfika kifuani. Alikuwa amelia mpaka sauti imekwisha, kwa hiyo hakuna aliyemsikia. Ndizi alikuwa ameishika bado, hajaila. Mrutu akaruka ndani. Akamtoa. Alikuwa wa baridi, lakini alikuwa hai.

Pumueni.

— Tumepumua!

Wakamleta nyumbani, wakawasha moto, wakamkanda kwa samli. Mtoto akapata moto, akalala. Sasa ndipo aibu ilipoanza kutembea, maana hofu ikitoka aibu hupata nafasi.

Ilianza kwa waliomshika Nakiete mikono. Wakakusanya vigae vyake kimoja kimoja, kana kwamba vitaunganika. Ikaenda kwa wifi, aliyedai kwamba alikwisha kusema. Ikaenda kwa Mama Mrutu. Huko Tambwe mkwe akija hupewa kigoda kabla ya salamu, na kabla ya maji. Yeye mkwe wake alikaa mavumbini langoni kwake mara mbili, naye akaagiza apewe kibaba cha mahindi. Akachukua kigoda chake mwenyewe, akakileta. Nakiete alikuwa bado uani, mvua inamnyeshea.

"Mkwe," akasema Mama Mrutu. Sauti ilikuwa ndogo. "Kaa hapa. Tafadhali. Mimi nilikuona. Kwa macho yangu haya nilikuona."

"Hukujua," akasema Nakiete.

"Sikuuliza."

Nakiete akakaa kwenye kigoda, kwa heshima ya aliyekileta. Akapewa maji, akapewa kanga kavu, akapewa wajukuu awashike. Mbonea akasogea polepole, akachungulia nyuma yake kuona kama kweli kuna chungu cha kutilia watoto. Hakikuwepo.

Mvua ilipokatika Nakiete akasema anakwenda. Walimsihi, akakataa. Mrutu akataka kumsindikiza, Nakiete akamwomba amwache binti yake amsindikize.

Wakatoka wawili. Walipofika mahali njia inapoanza kushuka kwenda bondeni, Nasemba akasimama mbele yake. "Mama, nisamehe. Ulikuja ukakaa, ukaningoja niseme. Mara ya kwanza ukaningoja, mara ya pili ukaningoja. Sikusema. Mpaka mwanangu alipokaribia kufa."

Nakiete akatazama njia. Kisha akakaa chini, kwenye matope. Nasemba akakaa mbele yake.

"Sikuwa nakungoja wewe," akasema Nakiete.

"Ulikuwa unangoja nini?"

"Kwetu nani huanza?"

Nasemba akainua macho.

"Mama ndiye huanza," akasema Nakiete. "Nilipanda mlima huu mara tatu kuja kuanza. Kila nikikaa, mdomo unakataa. Leo walipokuwa wananishika nilijaribu tena, ukakataa. Wewe ukaanza, mbele ya watu wote. Basi na mimi niseme, na watu hawapo."

Akamgusa Nasemba kwenye nyusi ya kushoto, palipo na kovu.

"Nilikuambia ulianguka kwenye kizingiti. Hukuanguka. Ulikuwa na miaka minne, ulivunja chungu cha mtu ambacho nilikuwa nimekwisha kulipwa. Nilikupiga kwa ukuni. Damu ilikuja nyingi. Bibi yako, mama yangu, alikuwa hai bado, akaniona. Nilimwomba asiseme, naye akanyamaza. Baadaye, yeye karibu na kufa, akaniita, akaniambia alininyamazia kwa sababu naye aliwahi kupiga hivyo. Hakusema alimfanyia nani. Pengine mimi. Sijui. Sikuuliza."

Nasemba aligusa nyusi yake mwenyewe. Wimbo wa gulioni aliuonea aibu miaka yote hiyo, na wimbo ulisema kwamba mama zake hawakupiga.

"Kwa hiyo si kweli kwamba kwetu hatupigi," akasema.

"Kwetu tunakaa chini. Aliyeanza kukaa, simjui, lakini sidhani kama alianza kwa sababu alikuwa mwema. Nadhani alikuwa amefanya jambo, na miguu ikamwishia."

Watu wawili wakapanda kutoka bondeni na mizigo ya majani. Wakawakuta wanawake wawili wamekaa katikati ya njia, kwenye matope, mmoja mzee. Wakawazunguka. Mmoja akafungua mdomo atie neno la mzaha. Akaziona nyuso zao, akapita.

Nakiete alikuwa amemaliza. Akanyamaza, akangoja. Nasemba akatafuta hasira, hakuipata. Akatafuta machozi, yalikuwa yamekwisha uani. Kilichokuwepo kati yao ni aibu moja, na hakuna aliyeweza kusema ni ya nani.

Wakakaa nayo.

Hapo ndipo nilipowaacha, na hapo ndipo ninaposhusha mzigo wangu. Mmesikia?

— Tumesikia!

Mmesikia peke yenu?

— Na mama zetu!

Basi mwenye mama aliye hai asimame wa kwanza, aende. Sisi wengine tutafuata.